Nina MS, jicho limepona ila moyo haujapona. Hili nalo nimwambie daktari?

KalamuNyekundu
Habarini wapendwa. Mimi ni mwalimu wa hisabati, miaka 34. Miezi minne iliyopita jicho la kushoto lilianza kuuma kila nikiligeuza, kisha rangi nyekundu ikachujuka, kalamu yangu ya kusahihishia nikawa naiona ya kahawia. Nikapigwa MRI, nikatolewa maji ya uti wa mgongo, jibu likaja: maltipo sklerosisi, ndiyo hiyo MS, ugonjwa wa neva.

Jicho limerudi karibu lote. Shida ni usiku. Naamka saa nane nakagua vidole, gumba linagusa kimoja kimoja nione kipi kimekufa ganzi. Hata nikiulalia mkono tu, ile ganzi yake inanitoa jasho. Mchana nafundisha, mtu akiniuliza hali namjibu "niko sawa" kabla hajamaliza swali. Jioni naegesha gari nje ya nyumba nakaa humo dakika ishirini, sitaki kushuka. Juzi mwanafunzi kaniuliza, "Mwalimu, mbona siku hizi hututanii?" Nikaenda chooni nikalia.

Sasa hii ni huzuni ya kupokea habari mbaya, itapita yenyewe, au niiseme? Daktari wangu ni wa mishipa ya fahamu. Naona kama nitampotezea muda na habari za machozi.

MiakaTisa
Pole sana mwalimu. Iseme, na umwambie huyohuyo. Mimi nilinyamaza mwaka mzima nikidhani ni udhaifu wangu. Kinga ya mwili inashambulia ala inayofunika nyuzi za neva, na makovu mengine yako ubongoni, kulekule hisia zinakotengenezwa. Kwa hiyo sonona ya MS si ya habari mbaya peke yake, mara nyingine ugonjwa wenyewe unachangia. Inakadiriwa hadi nusu yetu tunaipitia wakati fulani, na inatibika.

Ulipewa steroidi za mshipani, zile dawa za kutuliza uvimbe wa neva? Nazo zinachezea akili. Siku zangu tatu za dripu nilipiga deki saa tisa usiku huku nacheka peke yangu. Zilipokwisha nikadondoka kama gunia.

Kuhusu vidole: dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, ikidumu saa 24 au zaidi bila homa wala maambukizi, piga simu. Chini ya hapo, subiri. Nilinunua daftari dogo, naandika saa ganzi ilipoanza, nalifunga, nalala. Mwaka wa kwanza niliandika mara 31. Mbili tu ndizo zilivuka saa 24, na moja ilikuwa maambukizi ya njia ya mkojo.

Na usiogope bafuni kama nilivyoogopa mimi. Nilioga maji ya moto, macho yakaingia ukungu, nikakaa sakafuni nalia nikijua ndio basi. Mwili ulipopoa yakarudi. Mwili ukipata joto inakuwa hivyo, na daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alishaeleza macho kufifia kwa muda namna hii tangu 1890. Laiti kuna mtu angeniambia kabla sijavua nguo.

MumeWake
Kwangu mimi anayeugua ni mke wangu. Nilikuwa namuuliza "unajisikiaje" mara kumi kwa siku, nikidhani ndio upendo. Siku moja akaniambia, "Kila ukiniuliza inabidi nijikague upya." Sasa anatamka namba tu, moja hadi kumi, bila maelezo. Akisema mbili naacha ninachofanya nakaa naye.

Kingine mwalimu, usichanganye uchovu na sonona. Nilidhani mke wangu kakata tamaa kumbe kaishiwa nguvu. Mtaalamu wa saikolojia alitueleza kwamba mwenye uchovu hamu anayo, mwili ndio unagoma, ila kwenye sonona hamu yenyewe imezimika. Unaweza kuwa na vyote viwili.

Tulizana
Dada, ondoa mawazo mabaya, fikiri mazuri. Hizo dawa za sonona zitakufanya zezeta.

MiakaTisa
Tulizana, kufikiri mazuri nilikufanya huo mwaka mzima niliousema. Nikaja nikapewa vidonge pamoja na vikao vya mtaalamu wa saikolojia, na wiki ya sita nikamgombeza mtu aliyenirukia kwenye foleni. Nilifurahi! Miezi mingi sikuwa hata na hasira. Si kila mtu anahitaji vidonge, vikao peke yake vinawasaidia wengi, ila hilo aamue na daktari wake.

Mwalimu, moja silifanyii utani. Yakija mawazo ya kutotaka kuishi, usingoje siku ya kliniki. Mwamshe mtu usiku huohuo, nenda hospitali.

KalamuNyekundu
Hayo mawazo sina, asante kwa kuniambia waziwazi. Nimerudi kutoka kliniki. Nilimwambia daktari nikiwa tayari nimesimama kuondoka, mkono kwenye kitasa. Akaniambia nikae. Nesi akanipa karatasi ya maswali tisa ya wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu, kujilaumu. Nimepata 16 kati ya 27. Maisha yangu yote natoa alama, leo nimepewa, na ni mtihani ambao alama zikipanda ndio unafeli. Nimecheka hadi nesi akashangaa.

Kikao cha kwanza ni wiki ijayo. Daftari nimeshanunua. MumeWake, ile ya namba nimempelekea mume wangu, kajibu kwa kuuliza, "Sasa hivi ngapi?" Nimemwandikia nne, nikashuka kwenye gari.