Maganda ya .303 yanakatika karibu na kitako

Salim (Houston): Wakuu, nina bunduki ya Lee-Enfield ya risasi za .303. Maganda niliyoyajaza upya mara kadhaa yana mstari unaong'aa kuzunguka ganda, juu kidogo ya kitako chake. Jana moja limekatika hapo hapo, kipande cha mbele kikabaki chemba, pale risasi inapokaa bundukini. Baruti imezidi?

Mzee Juma: Usikimbilie baruti, mwanangu. Ikizidi, mara nyingi fataki (kiwashio cha kitakoni) hubapa. Huo mstari ni ganda lililovutika. Chemba nyingi za kijeshi za .303 zina nafasi kubwa: ukipiga, bega (pale ganda linapopungua kuelekea shingo) husukumwa mbele; ukilikaza ganda lote kwenye kalibu kabla ya kujaza, unalirudisha nyuma. Shaba inakonda palepale. Chukua waya wa klipu ya karatasi, kunja ncha, papasa kwa ndani. Ukinasa kwenye mfereji, liponde ganda hilo kwa koleo. Na bunduki isipigwe mpaka fundi apime.

Neema: Baadaye kaza shingo tu, bega liache, na maganda yatumike bunduki hiyohiyo. Ufa wa shingoni ni jambo jingine, hapo shaba imekuwa ngumu.

Salim: Nimepapasa, boksi zima lina mfereji. Nayaponda yote. Asante, mzee.