Mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi: hesabu za mkono kwanza au programu kwanza?

Mleta mada: Wadau, hoja inayozunguka vyuoni ni kupunguza saa za kukokotoa miundo kwa mkono ili programu zipewe nafasi, kwa kuwa ofisini ndizo zinazotumika. Napinga. Chukua boriti ya mita 6, mzigo wa kilonyutoni (kN) 20 kwa kila mita, imekaa huru kwenye mategemeo mawili. Momenti (nguvu ya kuipinda boriti) ya katikati ni kNm 90. Mwanafunzi akizifunga ncha zote mbili kimakosa, programu itampa 30 katikati na 60 kwenye ncha, wala haitamwonya. Nondo za chini zitatoka kama theluthi ya zinazotakiwa. Asiyejua wL² (mzigo wa kila mita mara urefu mara urefu) gawanya kwa 8 atalishtukia wapi? Saa zikikosekana, punguzeni maabara ya zege. Slampu, yaani kipimo cha zege bichi linavyoshuka likivuliwa koni, hata kibarua wa siku ya kwanza anapima.

Koni300: Mkuu, hapo kwa kibarua umekosea sana. Koni ina kimo cha mm 300, chini mm 200, juu mm 100. Unailowesha, unakanyaga mabawa yake ya chini, unajaza tabaka 3, kila tabaka unalichoma mara 25 kwa fimbo ya mm 16. Mguu ukiachia bawa, zege linatoka kwa chini na kipimo kimeharibika. Unainua wima, sekunde chache, bila kuzungusha. Lundo likikatika upande mmoja, hilo halisomwi: rudia kwa zege jingine. Likikatika tena, mchanganyiko hauna mshikamano. Hapo ndipo uhandisi unapoanza.

Nondo16: Mtu kauliza programu, anajibiwa koni.

Koni300: Nimejibu alichoandika. Asingeitaja slampu nisingeigusa.

Mchanga Mbichi: Koni300 yuko sahihi ila kaacha la muhimu zaidi. Saruji kg 50 kwa uwiano wa maji kwa saruji wa 0.5 inataka maji lita 25. Mchanga kg 100 wenye asilimia 5 ya maji yaliyoshika juu ya chembe zake umeshaleta lita 5. Usipozitoa umefika 0.6: zege linateleza vizuri, halafu tofali za majaribio zikipondwa siku ya 28 nguvu imeshuka. Hilo nalo ni hesabu ya mkono.

Chujio: Kila mjadala mnaugeuza zege, kana kwamba wahandisi wa mazingira hatupo darasani. Maji taka yenye BOD (oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu) karibu na mg 250 kwa lita: ml 6 kwenye chupa ya ml 300, jaza maji ya kuzimulia, gizani siku 5 kwa nyuzi 20. Oksijeni ikishuka kutoka mg 8.5 kwa lita hadi 3.5, tofauti ni 5. Gawanya kwa 0.02 (yaani 6 kwa 300) upate 250. Ukiweka ml 30, oksijeni inakwisha kabla ya siku ya 5 na jibu halina maana. Ni lazima ishuke angalau 2 na ibaki angalau 1. Programu gani itamfundisha hayo?

Nondo16: Turudi kwenye miundo. Zile njia za kupita watu zilizoning'inizwa juu ndani ya hoteli huko Kansas City, Marekani, 1980 kama sikosei, zilianguka kwa kosa la kompyuta?

Mleta mada: Ni 1981, watu 114 walikufa, na kompyuta haikuhusika. Fimbo moja ndefu ya kuzining'inizia ilibadilishwa kuwa mbili, kiungo cha njia ya juu kikabeba mzigo mara mbili. Mchoro mmoja wa nguvu kwenye karatasi ungetosha kulionyesha.

Koni300: Sawa. Na kibarua je?

Mleta mada: Kibarua nimemfuta. Ila maabara ya watu 12 kwenye koni moja, ambapo mmoja anachoma na 11 wananakili, bado naiona ni saa zinazopotea.

Mchanga Mbichi: Basi wagawe watatu watatu, kila kundi lipewe mchanga wenye unyevu tofauti, wasiambiwe ni kiasi gani. Wapime, wakaushe, wapime tena, ndipo wachanganye. Anayenakili ataonekana kwenye tofali.

Chujio: Na alama zitolewe kwa chupa zilizofeli pia, mradi aeleze kwa nini zimefeli.

Nondo16: Hapo sikubali. Zege likifeli ni kubomoa.