Upepo umepiga siku mbili Loveland Pass, jamaa wanasema twende. Nisaidieni

mmachame_denver
Habari zenu wakuu. Niko Denver mwaka wa tatu huu, theluji nilikuwa naiona Kibo kwa mbali tu nikiwa nyumbani Moshi, sasa nimenunua vile viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji na washkaji wawili wa kazini wanataka Jumamosi tupande Loveland Pass, njia ya juu milimani huku Colorado, sio kwenye lifti, ni kule porini kusiko na mlinzi. Tangu Jumanne haijaanguka theluji mpya ila Jumatano na Alhamisi upepo ulipiga mpaka gari linayumba barabarani. Wao wanasema hakuna theluji mpya basi hakuna maporomoko ya theluji, na Jumamosi ni jua tupu. Ripoti ya CAIC, kituo cha Colorado cha kutabiri maporomoko ya theluji, inasema hatari ni 3 kati ya 5, si katikati tu hiyo?

baba_neema
Mdogo wangu, hiyo 3 isikudanganye, watu wengi wanafia hapo hapo kwenye 3 maana kwenye 5 hata mwenye kichwa kigumu anabaki kwake.
Upepo ndio theluji yenyewe. Unazoa upande mmoja wa mlima unamwaga upande wa pili, unaweza kurundika mara kumi zaidi ya inayoanguka toka mbinguni, na ikipigwa hivyo inashikana inakuwa bamba gumu, ukikanyaga unaona kama sakafu. Sasa chini ya bamba kuna nini? Huku Colorado theluji ya mwanzo wa msimu inakuwa nyembamba, baridi kali inaigeuza punje punje. Chimba mpaka chini uchote kwa glavu, itamwagika vidoleni kama sukari, haifinyangiki hata kidogo. Mwaga sukari mezani, weka sinia juu yake, halafu inua meza upande mmoja. Ndio hivyo.

chai_na_mandazi
Ile sauti je? Mwaka jana tulikanyaga sehemu ikafanya VUUM kama mtu wa ghorofani ametupa gunia la mahindi, tukacheka tukaendelea 🙈

baba_neema
Mlicheka!! Hiyo ni ile sukari inabomoka chini yenu mama, mkisikia hivyo au mkiona ufa unakimbia mbele ya mguu mnageuza mnarudi, hakuna mjadala. Mlipona labda kwa sababu palikuwa tambarare. Mteremko unaotisha ni wa nyuzi 30 mpaka 45, apu ya simu inapima.

mmachame_denver
Asante kaka. Na tukipita bondeni tu bila kupanda mteremko?

mzee_wa_beleshi
Hapo ndipo ninapopaogopa kuliko kote. Tarehe 20 Aprili 2013, hapo hapo karibu na Loveland Pass, Sheep Creek, watu sita walipita chini ya mteremko unaotazama kaskazini, ripoti ya siku hiyo walikuwa wameisoma, vifaa wanavyo, na wenyewe walikuwa wanajaribu kuikwepa hiyo hatari. Wakaliamsha bamba toka chini, likakatika juu yao. Watano wakafa. Kwa hiyo usiangalie unapokanyaga tu, angalia na kilichoko juu ya kichwa chako, ukingo ukiwa unafuka theluji kama vumbi la lori kwenye barabara ya changarawe ujue upande wa pili unajazwa muda huo huo.
Na kila mtu awe na bikoni yake (kile kifaa cha kutuma mawimbi ili ukifukiwa wenzio wakutafute), fimbo ndefu ya kuchoma theluji kumtafuta aliyefukiwa, na beleshi, maana aliyefukiwa anahesabiwa dakika, zikipita kama kumi na tano hali inakuwa mbaya sana, waokoaji wa 911 watakuta mmeshamaliza.

mmachame_denver
Bikoni hatuna hata moja 😅 Nimewatumia washkaji huu uzi, mmoja kanuna anasema Waswahili waoga, mwingine kakubali tuzunguke msituni kwenye tambarare mbali na miteremko. Chai ya tangawizi naleta mimi.

chai_na_mandazi
Huyo aliyenuna mwambie aje kwangu nimsimulie ile VUUM vizuri