Risasi ninazojaza mwenyewe zinayumba, kosa liko hatua ipi?

mlengaji308: Wakuu, naomba msaada. Najaza risasi za bunduki za .308 kwa ajili ya shabaha za karatasi, na zinayumba: kichwa hakikai mstari mmoja na ganda. Jana nimeviringisha 20 kwenye vibao vyenye mkato wa V, ncha ya geji (saa ya kupimia yenye mshale) ikigusa kichwa cha risasi mbele kidogo ya shingo ya ganda. Mshale unacheza kati ya milimita 0.10 na 0.18. Nimeshabadilisha kalibu ya kupachikia vichwa, hali ni ile ile. Nianzie wapi?

fundi_geji: Ndugu, usinunue kitu kingine kwanza. Pima ganda tupu. Chukua matano yaliyokwisha kufyatuliwa, geji iguse shingo. Ganda la hivyo limetanuka likashika umbo la chemba, kwa kawaida hutoka limenyooka. Halafu lipitishe kwenye kalibu ya kulirudisha umbo, upime tena. Mshale ukiruka hapo, kalibu ya kupachikia haina kosa, imeletewa shingo iliyokwisha kupinda.

Mimi nilihangaika hivyo msimu mzima. Kumbe ni ile gololi ya kupanulia shingo, iliyomo ndani ya kalibu ya kurudisha umbo! Ganda linaposhuka, gololi inapita kwenye shingo kavu, unausikia kabisa ule mkwaruzo, na shingo inavutwa upande. Nilipoichomoa, maganda ya fungu lile lile yalisoma 0.03. Nilipoirudisha, 0.12. Siku hizi napanua kwa pini inayosukumwa kuingia, si kuvutwa kutoka, na ndani ya shingo napaka unga wa grafiti.

shingo_nyembamba: Pima na unene wa shingo pande zote. Ikiwa nene upande mmoja, haitanyooka vizuri. Na kumbuka geji inaonyesha mara mbili: ikisoma 0.10, kichwa kimehama 0.05 tu.

mzee_wa_presi: Mbona kuna kifaa cha kukisukuma kichwa kinyooke baada ya kujaza?

fundi_geji: Kipo, mkuu, ila sikishauri. Ukikisukuma kichwa, unalegeza mshiko wa shingo, na kila risasi inashika kivyake. Bora kuzuia kupinda.

mlengaji308: Nimerudi. Bila gololi, 17 kati ya 20 hazivuki 0.05. Tatu zimegoma kwenye 0.09. Nikachukua maganda yake, shingo upande mmoja 0.39, wa pili 0.33. Nimeyatenga.