Nimeletewa ndoo na kopo la kimea kutoka Uingereza: nitapataje siki ya kahawia?

mchuuzi_Darajani

Assalaam alaykum jamani. Nauza chipsi na samaki jioni, upande wa Darajani. Wageni wa Kiingereza wakija, kitu cha mwanzo wanachoulizia ni siki ya kahawia, ile yao ya shayiri. Mimi nina ndimu, nina ukwaju, nina siki nyeupe ya dukani. Wanakula na wanarudi, lakini suali ni lile lile. Ya chupa ninaipata mara nyengine, ila bei yake hainipi nafasi ya kuiweka mezani kila mtu ajimiminie.

Sasa dada yangu anaishi Leicester. Kaja likizo na boksi la vifaa vya watu wanaopika bia majumbani, kalikuta linauzwa kwa bei ya kutupa. Ndani mna ndoo nyeupe ya lita 25 yenye bomba chini, kidude cha plastiki cha kutiwa maji kinachochomekwa kwenye mfuniko, kijiti cha kioo chenye namba kinachoelea, pakiti ya hamira ya gramu 11, na kopo la kilo moja na nusu la kimea cha shayiri, kizito kama asali. Bia sina haja nayo na haiingii nyumbani kwangu. Dada anasema siki yao inaanzia humo humo.

Naomba mnisaidie. Maji nitie kiasi gani? Hamira niitumie hii au ya mkate? Joto letu hili halitaiharibu? Kile kijiti kinapima nini? Na lililo kubwa zaidi: kama lazima kipite kwenye ulevi kwanza, nifanyeje nisije nikaingia kwenye haramu kwa ajili ya chipsi?

abuu_Kikwajuni

Waalaykum salaam. Usijipe tabu ndugu yangu. Tia kimea kwenye dumu la maji, hamira ya mkate kijiko kikubwa, funga kizibo barabara, weka juu ya bati wiki mbili. Itakuwa kali tu.

BiMkubwa_Wete

Waalaykum salaam mwanangu. Dumu lililofungwa barabara juu ya bati litapasuka, na aliye karibu ataumia. Hamira ikila sukari inatoa gesi, na gesi lazima ipate pa kutokea. Abuu, nakuomba usimpe mtu ushauri huo tena.

Mie nipo Wete. Nimesomesha sayansi kimu mpaka nikastaafu, na siki ya mnazi nimeikuta kwa mama yangu, yeye kaikuta kwa mama yake. Siki ya shayiri na ya mnazi zinatofautiana ladha tu, njia yao ni moja. Kuna kazi mbili, na kila kazi ina mfanyakazi wake. Wa kwanza ni hamira: anageuza sukari kuwa kileo, na hapo hataki hewa ya nje. Wa pili ni bakteria wa siki: anageuza kileo kuwa ukali, na yeye bila ya hewa hafanyi kitu. Wengi wanaokosa siki wamewachanganya hawa wawili, wamemfungia anayetaka hewa au wamemfunulia asiyeitaka.

Anza na kopo. Soma maandishi yake yote. Ikiwa limeandikwa kuwa kimea kimetiwa hopsi, yale maua machungu ya bia, siki yako itatoka chungu na hakuna wa kuitoa. Bakteria wa siki hawaogopi hopsi, kwa hivyo itageuka vizuri tu, lakini nani ataimimina kwenye samaki? Unataka kimea kitupu.

Maji yawe matamu. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na chumvi hiyo utaionja mpaka mwisho. Yachemshe, yaache yapoe. Dawa ya mfereji nayo itatoka humo humo. Halafu usafi. Ndoo na mfuniko vioshe, vipitishe kwenye maji yenye Jik kidogo, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe kabisa, maana Jik ikibaki itawaua wafanyakazi wako. Kile kijiti cha kioo usikitie maji ya moto. Kitapasuka, na Unguja nzima hutapata chengine kirahisi.

Liweke kopo ndani ya maji moto ili kimea kilainike. Chemsha lita nne za maji, epua, ndipo ukimimine huku unakoroga. Ukikimimina sufuria ikiwa motoni kitashika chini na kuungua. Rejesha jikoni, kichemke robo saa, na usimame hapo hapo kwa sababu kinafura na kumwagika ghafla. Mimina kwenye ndoo, ongeza maji ya baridi uliyochemsha mpaka jumla ifike lita nane.

Kwa nini nane wakati ndoo ni ya 25? Hapo ndipo kijiti chako kinapoingia. Kinaitwa haidromita, kinapima uzito wa maji yenye sukari. Maji matupu yanasoma 1.000. Kilo moja na nusu ya kimea kizito katika lita nane itasoma karibu na 1.056. Hamira ikimaliza kula, itashuka hadi kama 1.012. Tofauti hiyo inakupa kileo cha karibu asilimia 6, na kileo cha asilimia 6 ndicho kinachozaa siki ya asilimia 5 au zaidi kidogo, kama zile za chupa. Ukijaza ndoo yote utapata maji ya uchachu. Ukipunguza maji sana, kileo kikapita asilimia 10, bakteria wa siki watakuwa wazito kufanya kazi. Ukali wa mwisho unaupanga siku hii ya kwanza. Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi joto 20, basi kwa nyuzi 30 za kwetu itasoma pungufu kwa 2 au 3 kwenye tarakimu ya mwisho. Usishtuke ukiona 1.053.

Hamira tumia hiyo hiyo ya pakiti, nusu yake inatosha kwa lita nane. Ya mkate nayo inafanya kazi, ila inabaki ikielea na ladha yake ni ya unga. Subiri ndoo ikiigusa kwa nje usisikie joto ndipo uitie. Hamira hizi za Ulaya nyingi zinapenda nyuzi 18 mpaka 22. Kwa kaskazi ya Disemba hadi Februari zitachemka kama zinafukuzwa na kutoa harufu ya rangi ya kucha. Ikae ndoo ndani ya beseni la maji, izungushie kanga iliyoroa, iwekwe panapopita upepo. Ukisubiri kusi ya Juni kazi itakuwa nyepesi zaidi. Kile kidude cha mfuniko tia maji nusu. Gesi itatoka kwa mapovu, na hewa haitarudi ndani. Mapovu yakikoma usidhani ndiyo mwisho. Pima, pima tena baada ya siku mbili, namba ikiwa ile ile basi hamira imemaliza.

Sasa kazi ya pili. Ondoa mfuniko na kidude chake. Funika ndoo kwa shashi mara mbili, ukaze kwa mpira, kwa sababu vile vijinzi vya matunda vitakuja tu. Iweke kivulini, penye hewa, na usiisogeze. Joto lile lile lililokuwa tabu kwa hamira ndilo wanalolitaka bakteria wa siki, nyuzi 25 mpaka 30. Juu patatanda ngozi laini, kijivu au nyeupe, inayoteleza. Hiyo ndiyo siki yenyewe inajengwa, usiikoroge. Ukiona manyoya, ya kijani au meusi, mwaga ndoo nzima, usichote upande ulio mzima.

Nimebakisha suali lako kubwa, na umefanya vyema kuliuliza. Sisi huku tunamfuata Imamu Shafi. Tulivyosomeshwa chuoni, kilichoandaliwa kwa nia ya siki kinahesabiwa kwa nia hiyo, na kikigeuka siki chenyewe kimetoharika pamoja na chombo chake. Tatizo ni pale kishakuwa kileo halafu ukatia kitu ndani ili ukigeuze: siki ya zamani, chumvi, chochote. Kukitoa juani kukiweka kivulini hakuna neno. Ndiyo maana mie simimini siki kuukuu katikati, ingawa ingeharakisha, na ndiyo maana nimekwambia ubadilishe mfuniko tu na kila kitu kibaki ndani ya ndoo ile ile. Bakteria watakuja na hewa. Itachukua miezi miwili, pengine mitatu. Na lichukue boksi lako umwoneshe shehe wa mtaani kwako kabla hujafungua kopo, kwa sababu shayiri iliyotiwa maji ina maneno yake kwa mafakihi, na ni haki yake kuitazama mwenyewe.

mwalimu_wa_kemia_Fuoni

Bi Mkubwa, shikamoo, umemaliza kila kitu. Naongeza la vipimo tu.

Hayo ya wafanyakazi wawili ndiyo aliyoyaonesha Louis Pasteur kule Ufaransa miaka ya 1860, kuwa ile ngozi ya juu ni viumbe hai na ndio wanaotia ukali kwa kutumia oksijeni.

Ulimi hautoshi kujua asilimia, wala karatasi za pH hazitoshi. Karibu na skuli yoyote yenye maabara mwombe mwalimu akupimie. Anachukua mililita 5 za siki, anazichanganya na maji yaliyotoneshwa mpaka rangi ya kahawia ififie, anatia matone ya fenolfthalini, kisha anadondosha sodiamu haidroksaidi ya 0.5 M taratibu mpaka pinki hafifu ibaki. Mililita zilizotumika zizidishwe kwa 0.6, jawabu ndiyo asilimia ya ukali. Zikitumika 8.3 una asilimia 5. Zikitumika 5 una asilimia 3, hiyo ni ya kunyunyizia kwenye chipsi basi. Achari ya kuweka usiifanye kwa siki ya namna hiyo. Ukali ukiwa mdogo, vijidudu vya sumu vinaweza kuishi ndani ya chupa na hutaviona wala kuvinusa.

mchuuzi_Darajani

Bi Mkubwa shikamoo, na mwalimu ahsante sana. Nimelisoma kopo kwa miwani ya baba: kimea cha shayiri na maji, hopsi haimo. Shehe nitamwona baada ya Ijumaa. Akiniruhusu, nitangoja kusi kama ulivyosema.

Mawili yamebaki. Bomba la ndoo, nitolee siki hapo hapo? Na nikishaipata niiweke kwenye nini? Nina sufuria kubwa la alumini lenye mfuniko wake, na nina madumu ya mafuta ya kula.

BiMkubwa_Wete

Marahaba mwanangu.

Sufuria la alumini litumie kuchemshia kimea tu. Siki isilale humo hata usiku mmoja, inaila alumini na wewe utaila hiyo alumini. Madumu ya mafuta yana harufu isiyotoka. Tafuta chupa za kioo, zile za sharubati zinafaa, na vizibo vya plastiki. Kizibo cha chuma kitashika kutu.

Bomba linafaa kutolea, maana liko juu kidogo ya mashapo ya hamira. Ila lifungue ulioshe kabla ya siku ya kwanza, ndani yake panajificha uchafu. Glasi ya mwanzo imwage.

Utajua iko tayari harufu ya kileo ikishaondoka kabisa na ukali unakushika koo. Ukisikia bado ile ya rangi ya kucha, rudisha shashi uiache iendelee. Ikishakuwa, usiiache wazi ukasema izidi kukolea. Bakteria wakikosa kileo wanaanza kuila siki yenyewe, na baada ya muda unabaki na maji. Ichuje kwa shashi, ipashe moto polepole kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu mpaka nyuzi 70, isichemke, uimimine kwenye chupa mpaka shingoni, ukaze.

Rangi ikitoka hafifu kuliko ile wanayoijua wageni wako, usihangaike. Nyengine za madukani zimetiwa sukari iliyounguzwa ili zionekane nyeusi. Waambie ni ya shayiri, waionje.

Na hiyo ndoo kuanzia hapo ni ya siki. Usije ukaitia maji ya kunywa wala unga wa maandazi, plastiki imeshanywa.