Tupeane uzoefu: kudai bima ya laptopu iliyoharibika bila kuachia siri zako

Mwalimu_Bombo
Swali hili linarudi kila msimu wa mvua. Laptopu imemwagikiwa chai ya maziwa, imedondoka kwenye boda, au radi imepitia kwenye soketi. Bima ipo, inalipiwa. Kampuni inasema ilete ikaguliwe. Ndani mna kitambulisho cha taifa kilichoskaniwa, hesabu za SACCO, picha za watoto na paswedi zote ambazo brauza imezihifadhi. Mashine inafikaje kwa mkaguzi na siri zibaki nyumbani? Watu wa bima, mafundi, wanasheria, karibuni. Leteni hatua, si visa.

Broka_Mbale
Kabla ya mashine, soma hati ya bima. Bima ya nyumba ya moto na wizi wa kuvunja haigusi laptopu iliyoanguka wala iliyomwagikiwa. Hiyo ni kazi ya bima ya hatari zote, ile inayotaja kifaa kwa jina na namba yake ya kiwandani (serial namba). Na hata hiyo kwa kawaida huacha nje uchakavu na hitilafu ya ndani. Betri iliyochoka haidaiwi.

Sasa kifungu kinachowaponza wengi: mabaki. Kampuni ikikubali kwamba mashine haitengenezeki na kukulipa thamani yake, mabaki yanakuwa mali yao. Wanaweza kuyauza kwa mnunuzi wa vipuri, na diski isipotajwa popote inaondoka pamoja na gamba. Hakuna mtu aliyekuibia hapo, umeikabidhi kwa saini yako mwenyewe.

Dawa yake ni barua pepe fupi KABLA ya kukabidhi, yenye mambo matatu: kwamba diski itatolewa kwa kuwa ina data binafsi; kwamba iko tayari kuonyeshwa kwa mkaguzi mbele yako ili asome namba yake; na kwamba mabaki yakichukuliwa, unakubali bei ya diski ikatwe kwenye malipo. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayofungua mlango. Kampuni inaogopa kupunjwa kipande cha mali, mafaili yako haina haja nayo. Subiri jibu la maandishi. "Sawa" ya simu haina uzito siku faili litakapohamia meza nyingine.

FundiBodi_Kla
Nakubaliana na Broka, ila kwenye maji hakuna muda wa kusubiri barua pepe. Kinachoua madabodi (bodi kuu ya mashine) ni umeme unaopita kwenye maji: shaba inaanza kuliwa chini ya chipu, na soda au chai yenye sukari inaacha utando unaoendelea kupitisha umeme hata baada ya kukauka. Kwa hiyo:

Chomoa chaja. Shikilia kitufe cha kuwasha mpaka izime kabisa. Usiiwashe tena "kujaribu". Igeuze kinanda kikitazama chini, maji yatoke yalikoingilia. Mchele hauvuti maji yaliyo chini ya chipu, na hewa moto ya mashine ya kukausha nywele inayasukuma ndani zaidi.

Ukijua kufungua, toa kifuniko cha chini (mara nyingi bisibisi nyota namba 0, wengine Torx T5, MacBook ni ile ya pembe tano P5) na kitu cha kwanza kabisa ni kuchomoa plagi ya betri kwenye bodi. Ndipo utoe diski. SSD ya M.2 (diski ya chipu, isiyo na sahani zinazozunguka) ni kijiti cha upana wa milimita 22, mara nyingi chenye urefu wa milimita 80, kimeshikwa na skrubu moja ndogo. Ukiitoa skrubu, kinainuka chenyewe kama nyuzi 30 hivi, ukivute taratibu kwa kufuata mwelekeo huo. Kiweke kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli. Usikifunge kwenye kaveera, mfuko wa plastiki wa sokoni.

Ukishafika hapo, ACHA. Usisafishe bodi kwa spiriti, usikwangue kutu. Ile kutu ndiyo ushahidi wako, na vile vibandiko vyeupe vidogo vinavyogeuka vyekundu vikilowa pia ni ushahidi.

Broka_Mbale
Hapo FundiBodi, niongezee. Hati nyingi zinakataza kutengeneza kabla ya idhini, lakini hizo hizo zinakudai uchukue hatua za busara kuzuia hasara isikue. Kuzima na kuchomoa betri ni kuzuia hasara. Kubadilisha kinanda ni kutengeneza. Piga picha kila hatua: kabla ya kufungua, skrubu zote zikiwa mahali pake, plagi ya betri, diski ikiwa bado imekaa, kisha nafasi yake ikiwa tupu. Bila picha hizo mkaguzi ana haki ya kuuliza kama ufa kwenye bodi umeletwa na kuanguka au na bisibisi yako.

Kama mashine bado iko kwenye dhamana ya kiwanda, usifungue mwenyewe. Ipeleke kwa fundi aliyeidhinishwa na uitazame diski ikitolewa.

DadaMhasibu
Samahani wakuu, je, paswedi ya Windows haitoshi? Mtu asipoijua hafungui kitu.

FundiBodi_Kla
Dada, haitoshi hata kidogo. Paswedi ya kuingilia inalinda mlango wa Windows tu. Diski ikitolewa na kuwekwa kwenye kasha la USB, mafaili yote yanafunguka kwenye kompyuta nyingine bila kuulizwa lolote. Kinachozuia ni diski yenyewe kuwa imesimbwa, yaani data yake imefungwa kwa ufunguo wa siri: BitLocker kwa Windows, FileVault kwa Mac, LUKS kwa Linux.

Kama mashine ni ya Windows na bado inawaka, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `manage-bde -status`. Ukiona ulinzi umewashwa kwenye C, umepona nusu. Nusu ya pili ni ufunguo wa kurejesha wa tarakimu 48. Utafute sasa hivi kwenye akaunti ya Microsoft (aka.ms/myrecoverykey), na kwa laptopu ya kazini muulize mtu wa IT. Sababu: fundi akibadilisha madabodi, chipu ya TPM iliyoshika siri ya diski inaondoka na bodi ya zamani. Mashine itarudi nzima na itakuomba tarakimu 48. Huna? Data imekwenda, na hakuna fundi wa Kampala Road wala wa popote atakayeifungua.

Na ufunguo huo usiubandike chini ya laptopu.

Kasese_Admin
Aina ya kasha la USB inawasumbua watu, wananunua mara mbili. Angalia meno ya SSD: pengo moja mara nyingi ni NVMe, mapengo mawili mara nyingi ni SATA, hizo ni aina mbili za muunganisho. Makasha ya bei nafuu yanasoma aina moja tu. Nakili mafaili yako kwanza kabla hata ya kujaza fomu ya madai, kwa sababu bima hizi kwa kawaida zinalipa chuma. Thamani ya data hawalipi.

Arua_Online
Mkaguzi akisema bila diski hawezi kupima?

FundiBodi_Kla
Anaweza, ssebo. Dell unashikilia herufi D ukiwasha na kioo kinajipima chenyewe, na F12 inafungua vipimo vya kiwandani. HP ni F2. Vipimo hivyo vinaishi kwenye bodi, havihitaji Windows: vinapima RAM, feni, betri, kioo. Akitaka mfumo kamili, ampachikie SSD tupu ya karakana au awashie Linux kutoka kwenye fleshi. Paswedi yako haihitajiki popote katika kupima kioo kilichovunjika. Fomu ya mapokezi ikiwa na kisanduku cha paswedi, andika "diski imetolewa".

Nyumbani_Jinja
Rahisi zaidi: fomati, peleka, kwisha.

Kasese_Admin
Hapana, ndugu. Fomati ya haraka inafuta orodha tu, mafaili yamelala palepale mpaka yaandikwe juu. Kwenye diski ya sahani zinazozunguka, kuandika juu mara moja kamili kunatosha. Zile habari za mara saba au thelathini na tano ni za zamani. Kwenye SSD hata kuandika juu hakutoshi, maana kidhibiti chake (chipu inayoiongoza SSD) kina vyumba vya akiba ambavyo programu yako haivifikii. Unatumia amri ya SSD yenyewe. Laptopu nyingi za biashara za HP na Dell zina kipengele cha kufuta diski ndani ya BIOS, programu ya bodi inayoamka kabla ya Windows. Kwenye Linux, NVMe ni `nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1`. Hakikisha jina la diski mara mbili kabla ya kubonyeza, amri hii haina huruma. Kupitia kasha la USB mara nyingi inakataa, kwa hiyo iendeshe SSD ikiwa imechomekwa kwenye bodi.

Halafu kuna laptopu za bei nafuu zenye eMMC, hifadhi iliyochomelewa kwenye bodi. Hizo huwezi kutoa kitu. MacBook za miaka hii ni vivyo hivyo, ila Mac zenye chipu za Apple zimesimbwa tangu kiwandani, na FileVault ikiwashwa paswedi yako inakuwa sehemu ya kufuli. eMMC isiyosimbwa na bodi imekufa ndiyo hali mbaya kuliko zote. Hapo omba kampuni ikubali bodi nzima ibaki kwako, gamba na kioo wachukue.

Na diski iliyokufa si diski tupu. Kidhibiti kikitengenezwa, data inaweza kurudi.

DadaMhasibu
Asante. Kuhusu karatasi basi: watu wanatuma kila kitu kwa WhatsApp ya wakala. Kuna mipaka?

Broka_Mbale
Ipo. Kinachohitajika ni fomu ya madai, risiti, serial namba ya mashine, ripoti ya fundi, proforma (makadirio ya bei) ya matengenezo au ya mashine mpya, na nakala ya kitambulisho. Kwa wizi ongeza barua ya polisi. Basi.

Risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA (mamlaka ya mapato ya Uganda), ina nguvu kuliko ya mkono kwa sababu namba yake inaweza kuhakikiwa. Risiti za karatasi ya joto zinafifia, zipige picha siku ya kununua. Nakala ya kitambulisho, andika juu yake kwa kalamu "kwa madai ya bima pekee" na tarehe, maandishi yapite juu ya picha bila kuficha namba. Picha za uharibifu zipigwe mezani patupu. Banange, watu wanatuma picha ya kioo kilichopasuka na nyuma yake kuna daftari lenye PIN ya mobile money. Kioo kikiwa bado kinaonyesha kitu, funga mafaili kwanza. Na picha inaweza kubeba mahali ilipopigwa ndani yake, hasa ukiituma kama faili. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera.

Ripoti ya fundi itaje CHANZO. "Haiwaki" si chanzo. "Alama za kimiminika karibu na tundu la chaja, njia ya umeme imekatika, bodi haitengenezeki kwa gharama ya busara" ndiyo ripoti. Kwa radi au umeme uliopanda, peleka na chaja, maana nayo inaonyesha ilipoungulia.

Na msishangae malipo yakija madogo. Tuseme laptopu ni ya milioni 4, umeikatia bima ya milioni 2.5 ili ada ipungue. Hiyo ni asilimia 62.5 ya thamani. Matengenezo ya milioni 1.2 yanalipwa kwa asilimia hiyo hiyo: 750,000. Ekses (sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe) ikiwa asilimia 10, inakatwa 75,000, unabaki na 675,000. Si wizi, kifungu kimo kwenye hati.

Wakili_Jinja
Nyongeza kwa wenye laptopu za kliniki, shule, SACCO na mashirika. Data iliyomo si yako, ni ya wagonjwa na wanachama. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayeshika data hizo azilinde, na akiwa na sababu ya kuamini kwamba mtu asiyeruhusiwa amezifikia, aijulishe mamlaka mara moja. Ofisi husika ni ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Kwa hiyo "tuliwapa bima na diski yake" si jibu. Weka hati ya makabidhiano: namba ya mashine, hali ya diski (imetolewa, imefutwa, imesimbwa), jina na saini ya aliyepokea. Mashirika yanayonunua mashine nyingi yaulize dukani huduma ya dhamana inayokuachia diski mbovu, Dell na HP wanayo.

Kampuni ikikataa dai kwa sababu tu diski haimo na wewe una barua pepe yao ya kukubali, malalamiko yanapelekwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, IRA. Utaratibu wa madai madogo mahakamani unaishia shilingi milioni 10, na laptopu nyingi haziufikii ukomo huo.

Kasese_Admin
Watu wanasahau kutoa mashine kwenye akaunti zao. Kwenye simu, WhatsApp, vifaa vilivyounganishwa, toa laptopu hiyo. Google na Microsoft vivyo hivyo. Paswedi ya barua pepe ibadilishwe kwanza, maana ndiyo inayofungua nyingine zote, kisha benki.

Broka_Mbale
La mwisho kutoka kwangu: hati ya kupokea malipo. Inasema umelipwa kikamilifu na huna dai jingine. Kabla ya kusaini, angalia kama inataja mabaki na kama diski imeandikwa kuwa yako. Kama haijaandikwa, iandike kwa mkono pembeni, nyote wawili mtie saini hapo. Na kama mashine imetengenezwa badala ya kulipwa, dai kipuri cha zamani. SSD iliyobadilishwa na kubaki kwenye droo ya karakana bado ina mafaili yako.

Arua_Online
Na kipuri hicho kinaharibiwaje nikikipata?

FundiBodi_Kla
SSD: toboa kila chipu nyeusi, si bodi ya kijani pembeni. Diski ya sahani ya inchi 2.5 mara nyingi ina vioo ndani, vaa miwani na uifunge kwenye gunia kabla ya nyundo.