Neno "inaingia" limenigharimu: injini ya 5L niliyouziwa kwa ajili ya Hiace yangu

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza mambo kwa mpangilio, kwa sababu najua humu kuna mafundi, kuna madereva na kuna wauza spea pia, na hao wauza spea ndio ningependa wasome mpaka mwisho.

Gari langu ni Toyota Hiace ya mwaka 2001, chesisi LH172, inayobeba mizigo kati ya Kyela, Tukuyu na Mbeya mjini: mchele tunapopanda, viazi na bidhaa za dukani tunaposhuka. Injini yake ya asili ni 5L (hilo ni jina la aina ya injini, si lita tano) ya dizeli, isiyo na turbo, yenye pampu ya dizeli ya kawaida ambayo haihitaji kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Mwezi wa Mei bomba la maji lilipasuka wakati gari linapanda kuelekea Tukuyu, na dereva akaendelea kukanyaga mafuta mpaka likachemsha. Hedi ilipasuka, silinda mbili zikakwaruzika, na kwa hilo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu unaanzia pale nilipokwenda kutafuta injini nyingine ya mtumba.

Nilizunguka maduka ya Mwanjelwa na Soweto hapa Mbeya siku tatu. Kila duka nililoingia, kabla hata sijamaliza kutaja aina ya gari, nilijibiwa neno moja tu: "Inaingia," yaani itafungika kwenye gari lako. Nikiulizia 3L, inaingia. Nikiulizia 2L, nayo inaingia. Duka moja walinionyesha 2RZ, injini ya petroli, wakasema hata hiyo huwa inaingia, kana kwamba herufi LH (Hiace ya dizeli) na RZH (ya petroli) zimegongwa kwenye kibati cha chesisi kwa ajili ya urembo. Ni kweli kwamba 2L, 3L na 5L ni za ukoo mmoja na kwa nje zinafanana sana. 3L na 5L zina hata mwendo uleule wa pistoni, milimita 96, ila kipenyo cha silinda ni milimita 96 kwa 3L na 99.5 kwa 5L, ndiyo maana moja ina cc 2779 na nyingine cc 2986. Kwa mtu anayezunguka mjini bila mzigo, pengine tofauti hiyo si kitu. Kwa gari lisilo na turbo, linalotoka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, na magunia ya mchele likapanda mpaka Isongole, juu milimani, ambako hewa ni nyepesi na injini imekwisha kupungukiwa nguvu kabla ya kuanza kudaiwa kazi, dereva anaihisi tofauti hiyo kwenye mguu wake.

Hatimaye dalali mmoja aliniunganisha kwa simu na muuzaji wa Dar es Salaam. Nilimweleza kwa mdomo, kisha nikamwandikia ili pasiwe na kisingizio: 5L, iliyotoka kwenye Hiace, pampu ya kawaida, kamili. Alinitumia picha nne za injini iliyooshwa ikang'aa, zote zimepigwa kutoka juu. Hakuna hata moja iliyoonyesha pampu vizuri wala sampo (bakuli la oili chini ya injini) wala namba iliyogongwa kwenye bloku, nami nakiri kwamba hapo nilizembea. Nikalipa shilingi 3,900,000, nikalipia na usafiri wa zaidi ya kilomita 800 mpaka Uyole.

Fundi wangu ni mzee aliyeanza kufungua injini za Toyota kabla mimi sijaanza shule. Alipofunua turubai hakusema neno, aliizunguka mara mbili, akachuchumaa, kisha akaniuliza taratibu: "Mwanangu, hii umenunua ya gari gani?" Bloku ilikuwa ya 5L kweli. Lakini pampu ilikuwa ile inayoendeshwa kwa umeme, yaani nimeuziwa 5L-E, wayaringi wake umekatwa kwa koleo na kontroli boksi haipo. Sampo lilikuwa na umbo la gari lenye injini mbele, si la gari ambalo injini yake imelala chini ya viti, na mauntini, yaani vishikizo vya injini, hazikuelekea kabisa mahali pake.

Nilipompigia muuzaji, jibu lake lilikuwa hili: "5L ni 5L, kaka. Hayo mengine ni kazi ya fundi." Nilipomkumbusha maandishi yangu, akasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, lakini niambieni nitaitumiaje sheria hiyo nikiwa Mbeya, dhidi ya mtu wa Dar es Salaam, mkononi nina karatasi iliyoandikwa kwa kalamu "spea moja", isiyo ya EFD, yaani mashine ya risiti za kodi.

Kwa kuwa gari lilikuwa limelala na wateja wanahama, tulikubali kuhamisha pampu, sampo, mauntini na manifoldi kutoka kwenye injini ya zamani. Kazi hiyo na gasketi zake vilinila shilingi 620,000. Injini ikawaka saa nane mchana, tukafurahi. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, kwenye baridi ya Julai hii mnayoijua wenyewe, ilizungushwa mpaka betri ikaisha, ikatoa moshi mweupe tu. Plagi za kupasha moto zilipimwa zikaonekana nzima. Kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda, ilipopimwa, silinda ya tatu na ya nne zilikuwa chini mno kuliko mbili za kwanza.

Muuzaji anasema huko kwake ilikuwa inawaka kwa kugusa tu, na hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu huenda anasema kweli! Dizeli haina cheche. Inawashwa na joto la hewa iliyobanwa. Pwani, kwenye joto na hewa nzito, hata injini iliyochoka itapata joto la kutosha. Ilete kwenye mita 1,700 alfajiri ya kipupwe, uchovu wake wote unaonekana. Anayeuza injini kwa watu wa nyanda za juu na hataki kuipima kompresheni anajua anachokificha.

Sasa natafuta tena. Mwenye 5L iliyotoka kwenye Hiace anitumie picha ya namba ya bloku, ya pampu na ya sampo, vipimo vya kompresheni vya silinda zote 4, na awe tayari kutoa risiti halali, kwa sababu kadi ya gari imeandikwa namba ya injini na siwezi kutembea na injini isiyo na asili. Atakayeniandikia kwamba anayo nyingine ila "inaingia", naomba asisumbuke, sitamjibu.